Sura ya Tisa: Saa Nane na Dakika Hamsini na Moja

Dakika ya ishirini na mbili, na simu ya Kaleli bado ilikuwa inahangaika. Alama ya wifi iliwaka, ikafa, ikawaka tena, na chini yake maneno yale yale: inatafuta anwani. Mzee huyo, polisi wa zamani anayefanya upelelezi wa kukodiwa, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba namba saba, ploti ya vyumba vya kupanga ya Mama Ciku, huko Kiuu, amevua saa ya mkononi na kuilaza gotini kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa.

"Si nilikuambia?" Selpha alisema kutoka ndani. "Hii wifi ni kama kutafuta kazi. Unaambiwa ngoja, na wewe unangoja."

"Nilitaka nione mwenyewe."

"Polisi nao niliwaambia. Waliandika?"

Kaleli alitikisa kichwa. Taarifa ya polisi alikuwa ameisoma mara nne, na jambo hilo halikuwemo hata kwa mstari mmoja.

Na kuna mtu alikuwa amefungiwa kwa sababu ya wifi hiyo. Philip Obiero, mume wa Selpha, mpakiaji katika stoo moja ya magunia Makongeni, kule Thika. Kesho ingekuwa wiki tatu kamili tangu Jumanne ile ambayo msimamizi wake, Marvin, alipigwa nondo ya kichwa ndani ya stoo. Mlinzi wa lango alimwona hai saa nane mchana. Saa nane na robo alipatikana amelala kwenye damu yake, amekufa. Asubuhi ya siku hiyo Philip na Marvin walikuwa wametupiana maneno mbele ya watu kumi, Philip akiwa amepiga zamu mbili mfululizo bila kurudi nyumbani. Yeye alisema aliondoka Makongeni saa saba kasoro, akafika Kiuu saa saba na nusu, akaanguka kitandani na viatu vyake. Hakuna aliyemwona. Selpha alikuwa Ruiru mjini akiuza dagaa wa omena. Laini ya Philip ilikuwa imeharibika juma zima, simu yake ikawa inaishi kwa wifi ya ploti tu. Na simu ya Mama Ciku, ambayo hupiga mlio kila kifaa kinapoingia kwenye wifi yake, ilikuwa imeweka kumbukumbu: simu ya Philip, saa nane na dakika hamsini na moja.

Inspekta Chege, aliyeshika kesi, hakuhitaji zaidi ya hapo. Uue saa nane na dakika kumi, urukie piki, ufike Kiuu saa tisa kasoro dakika tisa. Hesabu ilikaa kama kifuniko kwenye sufuria. Korti ilimpa siku ishirini na moja za kumzuilia mtu wake huku akichunguza. Leo ilikuwa Jumatatu. Siku zingeisha Jumatano asubuhi, na asubuhi hiyo ama shtaka la mauaji lisomwe, ama mlango ufunguliwe.

Kaleli alisimama, akabeba kigoda chake.

"Unaenda wapi na kiti changu?"

"Kumhoji mshukiwa wa kwanza."

Rauta, kile kisanduku kinachorusha wifi, ilikuwa kwenye kolido, ndani ya kizimba cha chuma ambacho Mama Ciku alikichomelea ukutani. Kaleli aliweka kigoda chini yake kabisa. Alama ya wifi ilijaa mpaka juu. Anwani haikupatikana. Basi si umbali, wala si mabati, wala si ile milango ya chuma ambayo mafundi wengi hupenda kuisingizia.

"Lete simu yako," alimwambia Selpha. "Zima wifi. Washa."

Sekunde tatu. Simu ya Selpha ikaingia bila kubisha hodi.

"Basi ni simu yako, mzee," Selpha alisema. "Hiyo yako nimeona imefungwa na raba."

"Raba ni ya mgongo. Kichwa chake ni kizima."

Wakakaa. Dakika ya thelathini na moja, bila mtu kugusa kitu, simu ya raba ikaingia yenyewe. Kaleli aliangalia saa: saa nne na dakika kumi na nane. Aliangalia kolido. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia, hakuna hata mlango uliofungwa. Akaandika dakika hiyo kwenye kitabu chake, akapiga mstari chini yake.

"Nani aliweka hii rauta?"

"Mwas. Ana duka Ruiru, karibu na stesheni ya treni."

*

Mwas alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na tano, kipara kimemwahi, ameinamia simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo. Hakuinua kichwa.

"Niaje, mzee."

"Habari ya kazi. Rauta ya Mama Ciku uliiweka wewe?"

"Mimi mwenyewe. Imeanza nini?"

"Simu ya mwenyeji inaingia kwa sekunde tatu. Ya mgeni inachukua nusu saa."

Mwas akacheka. "Hiyo si kuharibika, mzee. Hiyo ni amri. Mama Ciku aliniambia watu wasizidi kumi, ati majirani wanamnyonya wifi kupitia ukuta. Nikamwekea namba kumi. Kila simu ikiingia inapewa namba yake, ndiyo hiyo anwani. Kumi zikiisha, wewe unabisha tu mlangoni."

"Na mwenye namba akienda zake?"

"Inamngojea. Masaa ishirini na nne tangu aipewe. Wewe ukiwa hapo ndani kila siku, yako hairuki, inajiongeza yenyewe. Lakini mtu wa kupita, kesho yake saa ile ile, namba inafunguka. Aliye mlangoni anaichukua."

"Saa ile ile. Dakika ile ile?"

"Ile ile. Rauta haina huruma wala haina haraka."

Kaleli alisogeza kiti. "Mtu akilala kazini siku mbili?"

"Namba yake imeenda. Akirudi ni mgeni kama wengine. Apange foleni."

"Na rauta inakumbuka waliobisha wakanyimwa?"

Hapo ndipo Mwas aliinua kichwa. "Simu ya Mama Ciku inaonyesha walioingia tu. Lakini rauta yenyewe, ndani, inaandika wote. Aliyepewa, aliyenyimwa, dakika kwa dakika, kama mwezi hivi nyuma. Mradi isizimwe stima, umeme wake usikatike. Ikizimwa inasahau. Lakini hiyo ya Mama Ciku nilifungia betri, haijazimika tangu niiweke." Akamtazama vizuri. "Kwani kuna nini, mzee? Unauliza kama karao wa kituoni."

"Hakuna kitu. Mtu analalamika tu."

Kaleli, tangu enzi zake za sare, hakuwa mtu wa kumwaga mtama penye kuku wengi. Duka lilikuwa na wateja watatu. Akapokea kikaratasi chenye neno la kufungulia rauta, akashukuru, akaondoka bila kutaja Philip, wala Marvin, wala Jumatano.

*

Alasiri aliketi kwenye kochi la Mama Ciku, mbele ya chai asiyoiomba. Mama Ciku, Idah kwa jina lake, alikuwa mama wa kanisa mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Alikaa akitazama vidole vya mzee vikipapasa simu.

"Pole pole, Kaleli. Usinivunjie wifi."

"Nasoma tu."

Orodha ilifunguka. Mistari kwa mamia. Kaleli alivaa miwani, akarudi nyuma siku baada ya siku mpaka Jumanne ile.

Saa saba na dakika thelathini na tano: simu ya Philip imeomba namba. Imenyimwa, hakuna nafasi.

Saa saba na dakika thelathini na saba: imeomba, imenyimwa.

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Mara thelathini na tisa simu ile iliomba, na mara thelathini na nane ikanyimwa. Saa nane kamili, mlinzi wa Makongeni akimwona Marvin akitembea na miguu yake miwili, simu ya Philip ilikuwa ikibisha kwenye kolido la Kiuu. Saa nane na robo, wakati mayowe yalipoanza kule stoo, ilikuwa bado inabisha. Mara ya thelathini na tisa, saa nane na dakika hamsini na moja, ikapewa namba sita.

"Namba sita ilikuwa ya nani?" Kaleli alijiuliza kwa sauti. Akapanda mistari mpaka Jumatatu ya juma lile. Namba sita, saa nane na dakika hamsini na moja mchana, simu iliyoandikwa Perez.

"Mama Ciku. Jumatatu, siku moja kabla ya yale ya Philip. Nani alikuja hapa?"

"Jumatatu ile? Ushirika wa kanisa ulikuwa kwangu. Akina mama sita."

"Ukawapa paswadi?"

"Haiya! Mgeni aingie kwangu nimnyime wifi? Huwa nasema hivi: hapa kuna chai, hapa kuna paswadi, halafu tuombe."

"Nani alitangulia kufika?"

"Nani mwingine kama si Perez? Ushirika ni saa tisa, yeye anakupata bado umeshika ufagio. Kwani amefanya nini?"

"Ametunza kiti cha mtu siku nzima bila kujua."

Alipiga picha mistari yote, mmoja mmoja. Kisha akatoka nje karibu na kamba za nguo, akampigia Inspekta Chege. Alimweleza tangu mwanzo, bila kupamba.

"Ni hadithi nzuri," Chege alisema. "Na ushahidi?"

"Nina picha."

"Picha yako? Wewe, Kaleli?"

Miaka kumi na moja iliyopita mstari mmoja kwenye kitabu cha matukio cha kituo ulikutwa umeandikwa upya, na kalamu ikasemekana ni ya Kaleli. Aliacha sare kabla hawajamvua. Chege alikuwa konstebo kituo kile kile wakati huo.

"Nikipeleka picha iliyopigwa na wewe," Chege aliendelea, "ambaye unalipwa na mke wa mshukiwa, unajua nitaulizwa nini."

"Basi usipeleke picha. Njoo usome rauta yenyewe. Lete simu ya Philip, uiwashe hapa kwa mkono wako. Imekaa kwenu wiki tatu, ni mgeni. Utaona itakavyosimama mlangoni."

"Kesho saa nne," Chege alisema. "Simu isimame mlangoni hata dakika kumi, na hiyo orodha niisome kwa macho yangu, nitaongea na mkubwa wangu kabla ya Jumatano. Isiposimama, Jumatano ni Jumatano. Na Kaleli, usiiguse tena. Hata kwa pumzi."

Kaleli alirudi ndani. Mama Ciku alikuwa amesimama mlangoni, masikio yake yamefika kabla yake.

"Kesho saa nne Inspekta anakuja kuiangalia rauta. Stima yake isizimwe hata dakika moja. Umenisikia?"

"Inspekta? Hapa kwangu?" Mama Ciku alitazama sakafu, akatazama pazia. "Haitazimwa. Nakuapia kwa Mungu aliye hai."

Selpha hakucheka wala hakulia alipoambiwa. Alitoa shati la Philip kwenye begi, lile la kwenda kanisani, akawasha pasi.

*

Jumanne saa nne kasoro, Kaleli alisikia harufu ya sabuni kabla hajafika langoni. Ploti ilikuwa imepigwa deki mpaka mtaroni. Nguo zimetolewa kwenye kamba. Mama Ciku alisimama kwenye ngazi amevaa kitambaa chake cha ushirika, nyuma yake meza, thamosi mbili, mkate uliokatwa.

Inspekta Chege alifika na konstebo mmoja. Simu ya Philip ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni wenye kibandiko. Alisaini fomu juu ya paja, konstebo akasaini, akaifungua. Selpha alikuwa kando ya mlango wake, shati lililopigwa pasi limelala kitandani nyuma yake.

"Saa yako na yangu," Chege alisema.

"Saa nne na dakika mbili."

"Nawasha."

Skrini iliwaka. Ikatulia. Kaleli alianza kuhesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Alama ya wifi ikaja, ikajaa, na chini yake hakukuwa na neno la kutafuta chochote. Imeunganishwa.

Chege aliangalia saa yake. "Sekunde tatu."

Kaleli aligeuka akamtazama Mama Ciku, naye Mama Ciku alikuwa anatabasamu, mikono ameikunja tumboni, kama mtu ambaye keki yake imeumuka mbele ya wageni.

"Mama Ciku. Umefanya nini?"

"Si imeshika haraka?"

"Umefanya nini?"

"Nimeitengeneza! Ulisema serikali inakuja kuiangalia. Sasa nikae hivi, Inspekta mzima aje kwangu, apate kitu kibovu, aseme Mama Ciku anawauzia watu wifi mbovu? Nilimwita Mwas jana jioni. Nikamwambia fanya iende."

"Nilikuambia isizimwe."

"Na haikuzimwa! Muulize yeyote. Stima ilikuwa imewaka muda wote, nilisimama hapo hapo. Alichukua sindano yangu ya kushonea akabonyeza kale katundu ka nyuma, basi. Akaiweka mpya. Jina lile lile, paswadi ile ile, nikasema watu wasisumbuke. Na zile namba kumi amefanya mia mbili."

Kaleli alimpigia Mwas hapo hapo, akaweka sauti wazi.

"Uliifuta rauta ya Mama Ciku?"

"Niliirudisha kama ilivyotoka kiwandani, eeh. Ndiyo njia ya kutengeneza."

"Na ile orodha ya ndani?"

"Inaenda na kila kitu. Ulikuwa unaitaka? Mzee, nilikuuliza kuna nini. Ukaniambia hakuna kitu. Ungeniambia, singeigusa."

Kaleli alikata simu. Chege alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Nipe hilo neno la kufungulia."

"Limebadilika."

"Ninalo jipya," Mama Ciku alisema kwa sauti ndogo, akatoa kikaratasi kwenye Biblia.

Orodha ilikuwa na mistari michache. Wa kwanza ulikuwa wa jana, saa kumi na mbili na nusu jioni: rauta imewashwa. Kabla yake hakuna kitu. Si Jumanne ile, si Perez, si namba sita, si ile mara thelathini na nane. Chege alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na furaha.

"Hayo tu ndiyo macho yangu yameyaona," alisema.

"Andika kwamba imetengenezwa jana."

"Nitaandika mama amesema imetengenezwa jana, baada ya wewe kuingia ndani yake kwa paswadi. Unataka niandike hivyo?"

Kaleli alifungua kitabu chake, akakifunga.

"Perez yuko hai," alisema. "Atasema alifika saa ngapi."

"Atasema alikunywa chai Jumatatu. Philip anashtakiwa kwa ya Jumanne." Chege alishusha sauti. "Mzee, hata mimi ningependa iwe vile ulivyosema. Lakini nimeambiwa itasimama nusu saa, nimekuja, imeingia sekunde tatu. Hivyo ndivyo nilivyosema tangu siku ya kwanza: mtu akifika langoni, simu inaingia."

Mama Ciku alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Ngai, Mungu wangu," alisema. "Ngai. Mimi nilitaka tu msiaibike kwangu." Akaanza kumimina chai, kwa kuwa vikombe vilikuwa pale, na ikamwagika kwenye sahani.

Ndipo simu iliyokuwa mkononi mwa Chege ikalia. Ikalia tena. Ikaanza kulia mfululizo, mlio juu ya mlio, ikitetemeka kiganjani mwake. Wiki tatu za ujumbe zilikuwa zinateremka zote kwa pamoja, na wifi haikuzichelewesha hata kidogo. Kaleli aliona ule wa kwanza kabla Chege hajageuza skrini: *Wamekupeleka station gani?*

Mlangoni pa chumba namba saba Selpha alikuwa ametoa yake mfukoni mwa aproni. Alikuwa anaisogeza kwa kidole gumba, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Kando ya kila ujumbe aliomwandikia Philip, ile alama moja ya kijivu iliyokaa peke yake siku zote hizo ilikuwa inakuwa mbili.

"Zimefika," alisema. Aliinua uso akamtazama Kaleli. "Mzee, zote zimefika."

Chege alibonyeza kitufe cha pembeni mpaka skrini ikafa, akarudisha simu kwenye mfuko, akalamba kibandiko kipya na kukibandika.

"Saa nne na dakika tisa," alimwambia konstebo. "Andika."